Simbi Tatu za Ataa Ashitei

Maiti ya Ataa Ashitei Sowah ilikutwa alfajiri chini ya ngazi za mawe, uani mwa nyumba ya baba yake. Ndala moja ilikuwa mguuni, ya pili ilibaki katikati ya ngazi. Damu ilikuwa imeganda juu ya sikio la kushoto. Mkono wa kulia ulikuwa umefumba kitu.

Inspekta Nortei Okine alichuchumaa, akautazama ule mkono bila kuugusa. Mtaa wote wa Osu ulikuwa kimya, na si kwa ajili ya msiba. Ulikuwa mwezi wa makatazo. Hapigi mtu ngoma, hafungui mtu spika, wala halii mtu kwa sauti, mpaka sikukuu ya Homowo ifike. Hata aliyefiwa humeza kilio chake akangoja. Ndivyo tulivyolelewa, na ndivyo wanavyotucheka wageni waliohamia juzi.

"Nani ameikuta?" aliuliza Inspekta.

"Dada yake, Awo Korkor," alijibu Sajini Abla. "Alitoka kuwasha moto, akamkuta. Akamtuma jirani kituoni."

"Wanaishi wawili tu?"

"Wawili tu. Upande ule wa pili umefungwa."

Nyumba ilikuwa na pande mbili zinazotazamana, ua katikati. Upande wa mashariki walikaa Ataa Ashitei na dada yake. Upande wa magharibi ulikuwa wa binamu yao, Okaile, aliyehamia Tema zamani, na madirisha yake hayajafunguliwa tangu hapo. Ng'ambo ya ukuta palikuwa na mgahawa wa vioo, mahali pa karakana ya fundi cherehani. Duka la kinyozi lilikuwa limegeuka nyumba ya picha za kutundika. Mtaa mzima ulikuwa unabadilishwa nguo ukiwa umesimama. Nyumba ya Sowah peke yake ilibaki na nguo zake, na kwenye ukuta wa mbele marehemu aliandika kwa mkono wake, kwa rangi nyekundu: NYUMBA HII HAIUZWI.

Awo Korkor alikuwa mbele ya sufuria kubwa, anasonga unga wa mahindi wa kupikia komi kwa mwiko mrefu. Watu walishamzoea hivyo. Wengine wamekula komi ya mkono wake tangu wakiwa na meno ya utotoni. Inspekta alikuwa mmoja wao, naye alimwita Awo, yaani mama, kama mtaa wote.

"Pole, Awo."

"Nimepoa, mwanangu."

"Na bado unasonga?"

"Unga umechacha tangu juzi, utaningoja? Ashitei amekufa, njaa haijafa."

"Ulimwona mara ya mwisho lini?"

"Jana magharibi. Alikula, akapanda kulala."

"Mligombana?"

"Ndugu wa tumbo moja wasipogombana watakuwa ndugu wa nini?"

"Jana je?"

"Jana hatukupaza sauti. Waulize majirani."

"Ulisikia kitu chochote? Kelele, mtu kuanguka?"

"Hapana. Sikusikia kitu."

Mwezi huu hata paka akipita juu ya bati mtaa unamsikia. Mzee mwenye mwili ule ameviringika kwenye ngazi za mawe, na dada yake aliye chumba cha chini hakusikia. Inspekta aliutazama mwiko ule. Ulikuwa mpya, mweupe, moshi haujaugusa. Hakusema neno, na baadaye alijilaumu kwa kutosema. Ukweli ni kwamba hakutaka kuufikiria.

Mpiga picha wa polisi alipomaliza kazi, waliufungua mkono wa marehemu. Ndani mlikuwa na simbi moja nyeupe ya baharini, imetobolewa, na kipande cha uzi wa ukindu kikining'inia.

Inspekta alishusha pumzi.

"Ni nini hiyo, mkuu?" aliuliza Sajini Abla. Yeye alikuwa mtu wa kabila la Ewe, kutoka ng'ambo ya mto Volta. Mambo ya Osu aliyajua kwa kuuliza.

"Hii ni nyumba imeuzwa, Abla. Au kiwanja. Watu wa zamani hawakuuza ardhi kwa karatasi. Wanatunga simbi sita kwenye uzi mmoja. Mwenye ardhi anashika huku, mnunuzi anashika kule, mbele ya mashahidi, wanavuta mpaka uzi ukatike. Kila mmoja anaondoka na simbi tatu. Ukishakata, umekata. Babu hafufuki kuja kuukana."

"Hii ni moja."

"Mbili zimekwenda na aliyemuua."

"Kwa hiyo mzee aliuza nyumba?"

Inspekta aliangalia ukuta ule kwa nyuma, kana kwamba maandishi yangeweza kusomeka kutokea ndani.

"Ndivyo inavyoonekana," alisema. Nyumba ya baba yake mwenyewe iliuzwa namna hiyo hiyo, na leo ni hoteli.

Mtaani maneno yalikuwa yameshaiva. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Muuza samaki wa pembeni, mama mwenye sauti ya kuamsha wafu lakini mwezi ule akinong'ona kama wenzake, aliwavuta kando.

"Msiniandike jina, eh? Juzi nimemwona Ataa kwa macho yangu haya mawili anashuka kwenye gari la Holm. Huyu huyu wa mgahawa. Amekumbatia chupa ya pombe ya jini, ile ya tambiko. Mtu na adui yake kwenye gari moja! Nikasema, hee, kumbe rangi ya ukutani ni ya kutudanganya sisi maskini."

"Ulimwambia nani?"

"Mimi? Sina mdomo mimi. Nilimwambia Awo Korkor tu, kwa sababu ni nyumba yake."

"Akasemaje?"

"Hakusema. Alinirudishia samaki wangu akaingia ndani."

"Kitu gani kingine umekiona?"

"Teksi yake. Aliiuza mwezi uliopita. Gari alilolipenda kuliko mke, Mungu amrehemu mke. Tulipomuuliza akasema macho yamechoka. Macho gani! Alikuwa anaona mwiba wa samaki toka hapo mlangoni."

Desmond Holm alikuwa mtoto wa Osu aliyekulia Ulaya, akarudi na mtaji na haraka. Aliwapokea mgahawani kwake, spika zake zimefunikwa kitambaa.

"Ulikuwa wapi jana magharibi?"

"Hapa. Na wateja meza nzima, mpaka tunafunga. Waulizeni."

"Uligombana na marehemu."

"Kila wiki! Vijana wa mji walikuja kunichukulia spika, yeye ndiye aliyewaita. Nami nililalamikia moshi wa dada yake. Tulikuwa sare. Lakini Inspekta, bwana, mtu hauawi kwa sababu ya spika."

"Huuawa kwa sababu ya nyumba."

"Niliitaka, sikatai. Mtaa mzima unajua."

"Na ulikata naye kamba."

Holm alicheka, kisha akaona hakuna aliyecheka naye.

"Mimi? Yule mzee alikuwa hanipi hata mkono. Kama tungekata kamba, nusu yangu ingekuwa hapa. Pekueni. Dukani, nyumbani, popote."

"Alikuwa garini mwako juzi."

"Nilimkuta barabara ya Tema, mvua inanyesha, mtu mzima amelowa. Ningempita? Nilimpa lifti. Njia nzima aliniambia neno moja tu: punguza redio."

"Alikuwa anatoka wapi?"

"Sikuuliza. Alikuwa anatabasamu, ndicho kilichonishangaza."

Walipekua kwa idhini yake. Simbi hazikuonekana. Wateja walithibitisha kwamba hakutoka. Zaidi ya hayo kulikuwa na jambo lililomsumbua Inspekta tangu asubuhi: hakuna jirani hata mmoja aliyesikia ugomvi. Holm akikasirika hupiga kelele mpaka baharini. Aliyegombana na Ataa Ashitei aligombana kwa kunong'ona. Ni mtu aliyeheshimu makatazo hata hasira ilipompanda.

Kikulacho ki nguoni mwako. Inspekta alilikataa wazo hilo mara ya pili.

Adhuhuri daktari wa uchunguzi wa maiti alipiga simu kituoni.

"Ngazi zimemvunja shingo, lakini si zilizompasua kichwa," alisema. "Alipigwa kwanza. Kitu bapa, cha mbao, chenye ukingo wa mviringo. Pigo moja."

"Rungu?"

"Rungu si bapa. Na kuna kitu kwenye jeraha. Nimekitazama kwa hadubini. Unga."

"Unga gani?"

"Mahindi. Uliochacha."

Inspekta aliweka simu chini. Sajini Abla alijua anamfikiria nani.

"Mkuu, niulize swali la mjinga?"

"Uliza."

"Yule mnunuzi. Naye anabaki na simbi tatu?"

"Tatu."

"Zinafanana na za muuzaji?"

"Uzi mmoja, simbi zile zile. Zinafanana."

"Sasa tumejuaje kwamba mzee ndiye aliyeuza?"

Inspekta, mtoto wa Osu aliyeshuhudia baba yake akivuta ule uzi, hakuwa amejiuliza. Sisi tumezoea kupoteza. Tukiona simbi mkononi mwa mzee, hatufikirii kabisa kwamba kuna kitu amekipata.

"Na teksi," aliendelea Sajini Abla. "Anayeuza nyumba anauza teksi ya nini?"

"Chukua funguo za gari," alisema Inspekta. "Tunakwenda Tema."

Okaile alikuwa mwalimu mstaafu, mwembamba, miwani imefungwa uzi. Aliwakaribisha sebuleni kwa uchangamfu, akawapa maji kabla ya kuuliza shida yao.

"Mama, umeuza upande wako wa nyumba ya Osu?"

"Ahaa! Ashitei hawezi kufunga mdomo. Mimi nimeapishwa ningoje sikukuu, yeye amekwisha kwenda kuwaambia polisi?"

Alifungua kabati, akatoa kikombe cha chai kisicho na mkono. Simbi tatu zilikuwa ndani, juu ya uzi wa ukindu uliokatika.

"Uliuza kwa nani?"

"Kwa Ashitei, kwani nani mwingine? Yule kijana Holm alinifuata mara nyingi, nami nilikwisha kumkubalia, siwezi kudanganya. Ashitei akaja akaketi hapo ulipoketi wewe. Akasema, Okaile, tukimpa mtu huyu upande mmoja, ule wa pili ataupata mahakamani, na sufuria ya Korkor itatupwa barabarani. Niuzie mimi. Nikamwambia, huna kitu wewe. Akasema, nina teksi."

"Mashahidi?"

"Jirani yangu huyu na mumewe. Tulimwaga tambiko, chupa nikampa aende nayo. Na uzi aliushika kwa niaba ya Korkor. Alisema mbele ya mashahidi: ninayenunua si mimi, ni dada yangu."

"Lakini wewe na Awo Korkor..."

"Hatusemezani. Tangu matanga ya bibi yetu. Aliniita mwizi wa vitambaa, nami nikamwita jina ambalo sitalirudia mbele ya polisi." Alicheka kidogo. "Ndiyo maana ilikuwa siri. Ashitei alisema Korkor akijua mali imetoka kwangu atakataa katakata. Akasema, nitamwambia siku ya Homowo, ukoo wote umekaa, chakula kimemwagwa kwa wazee waliotangulia. Aone haya kukataa. Amenialika na mimi nije. Nimeshashona nguo."

Alivua miwani akaifuta.

"Vipi, anasemaje? Hajambo?"

Sajini Abla aliinuka, akaenda kuketi karibu na yule mama, akamshika mkono.

Walirudi Osu jua limepinda. Inspekta aliendesha polepole kuliko ilivyohitajika.

Uani walikuwapo wanawake wa mtaa, wamekaa kwenye mkeka kumfariji mfiwa bila sauti. Inspekta aliwaomba watoke. Konstebo aliyebaki kulinda eneo alichokoa majivu ya mafiga. Alizikuta upesi: simbi mbili, zimepasuka kwa moto, na pembeni kisiki cha mpini wa mbao. Akaviweka kwenye mfuko wa vielelezo.

Awo Korkor alitazama yote hayo bila kusogea.

"Awo," alisema Inspekta, "huna lazima ya kusema lolote. Utakalosema litaandikwa na linaweza kutumika mahakamani. Umenielewa?"

"Nimekuelewa. Mama yako angejua siku moja utaniambia maneno hayo!"

"Mwiko wako wa zamani uko wapi?"

"Umeshaupata. Uko kwenye mfuko wa huyo kijana."

"Kwa nini uliuchoma?"

"Kwa sababu ulikuwa na damu ya ndugu yangu. Ningesongea watu chakula nao?"

Sajini Abla aliandika.

"Tueleze, Awo."

"Yule mama wa samaki alinikuta nikipoza sufuria. Akaniambia juu ya gari na chupa. Sikuamini. Jana nikachukua shati la Ashitei nilifue, nikakuta simbi mfukoni. Tatu, kwenye uzi. Nikaketi pale chini kama nimekatwa miguu. Maisha yangu yote yako uani hapa, Nortei. Kitovu changu kiko chini ya ngazi ile. Mume alinitoa, nikarudi hapa. Watoto wawili nimewazika nikitokea hapa."

"Ukamfuata."

"Alikuwa anapanda ngazi. Nikamfuata na mwiko mkononi, sikukumbuka hata kuuweka. Nikamuuliza, Ashitei, hizi ni nini? Nilinong'ona, mwezi wenyewe si unaujua. Umekata kamba? Akasema ndiyo, nimekata. Nikasema, umetukata sisi? Akacheka."

"Alicheka?"

"Alicheka, mwanangu! Akasema, wewe ngoja sikukuu, utaniimbia. Akazishika simbi azichukue, tukavutana, uzi ukakatika. Na kicheko hakijamtoka usoni. Nikampiga. Mara moja. Nilitaka tu aache kucheka."

Hasira, hasara. Tumewaambia watoto wetu maneno hayo mpaka yamekwisha ladha.

"Alipoanguka nilikwenda kumwita," alisema Awo Korkor. "Hakuitika. Hata kulia sikuruhusiwa. Nikaketi naye mpaka kulipokucha." Aliinua kidevu. "Nifungeni. Nimeua, siwezi kukataa. Lakini nyumba ya baba haitauzwa. Mwenye kuuza amekufa kabla ya mwezi kwisha, kabla hajautangazia ukoo, nao hautakubali kamba ile. Hilo nitakwenda nalo huko mnakonipeleka."

Sajini Abla alimtazama mkuu wake. Macho yake yalisema: mwache nalo.

Inspekta alilifikiria hilo kwa dhati. Lingekuwa jambo la huruma. Angeweza kumpakia garini akiamini kwamba ameiokoa nyumba, na labda angelala usingizi gerezani. Lakini Okaile angesimama mahakamani na simbi zake, na wakili angemwambia Awo ukweli mbele ya watu wasiomjua. Na hata hivyo nyumba ilikuwa imekwenda. Watoto wa Ataa Ashitei wako ng'ambo na hawajui hata ufunguo unazungushiwa wapi; wataiuza. Mvua nyingine haitaukuta ukuta ule na maandishi yake. Inspekta alitamani angekuwa fundi, au mvuvi, au chochote kingine.

"Awo, Ashitei hakuuza."

"Nimeona simbi, Nortei."

"Zilizokuwa mfukoni mwake ni za mnunuzi."

"Mnunuzi gani? Alinunua nini, mtu asiye na kitu?"

"Aliuza teksi. Alinunua upande ule." Inspekta alionyesha madirisha yaliyofungwa. "Holm alikuwa anataka kuununua kwanza, kisha awatoe nyinyi. Ashitei alimtangulia. Alikata kamba Tema, mbele ya mashahidi. Lifti alipewa njiani, mvua ilipomkuta."

Awo Korkor alitazama pale alipoonyeshwa, kisha akamtazama Inspekta, kisha akatazama tena.

"Aliushika uzi kwa jina lako," alisema Inspekta. Aliona afadhali yaishe yote kwa mara moja. "Upande ule ni wako. Alitaka akwambie siku ya Homowo."

Yule mama alitafuta kigoda kwa mkono, akakaa. Uso wake haukubadilika, ila alianza kujifuta unga vidoleni, kidole kimoja kimoja, akirudia vile alivyokwisha kuvifuta.

"Nilimuuliza," alisema. "Kwa mdomo wangu huu nilimuuliza. Kwa nini hakuniambia?"

Inspekta alichuchumaa mbele yake, wakatazamana.

"Kwa sababu aliyeuza ni Okaile. Alijua utakataa."

Sajini Abla alikuwa ameacha kuandika.

"Ningekataa," alisema Awo Korkor. "Haki ya Mungu, ningekataa. Alinijua vizuri, yule mtu."